Kufuata maji hadi Higger Tor: mwongozo kamili wa kutembea nyika ya Peak District bila gari

Mara ya tatu mwaka huu nimetumiwa picha ileile. Mtu kazama kwenye tope jeusi hadi magotini, suruali ya jinzi imelowa chapachapa, nyuma yake ukungu mtupu. Chini kaandika: "Si ulisema njia ni rahisi?"

Njia ni rahisi kweli. Higger Tor, kilima kilichoko hifadhi ya taifa ya Peak District huku Uingereza na sehemu ya juu kabisa ya safari hii, ina mita 434 tu kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini penyewe pako juu zaidi ya hapo. Kinachowaponza watu ni kuidharau namba hiyo: wanavaa kama wanaokwenda sokoni, wanaanza mchana, wanategemea simu peke yake, na mvua ikishuka hawajui warudi wapi.

Waingereza huziita nyika hizi moor. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro, kumbuka ule ukanda unaouingia ukishaupita msitu, wenye vichaka vigumu vya hedha (kwa Kiingereza heather) na upepo usiozuiwa na kitu. Huyu ni ndugu yake mfupi, aliyejaa maji.

Tunaanzia kituo cha treni cha Grindleford, tunapanda korongo la Padley, tunapita Longshaw, tunaingia bonde la Burbage, tunarudi kwa juu kupitia Higger Tor na Carl Wark, na kumalizia pale pale kituoni. Ni kama kilomita 10 au 11, na jumla ya kupanda ni kama mita 300. Karibu njia yote inakwenda na kijito kimoja, Burbage Brook, ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa kukuambia maji yawe mkono gani. Ukijua maji yako kushoto au kulia, hujapotea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Viatu vyenye kashata. Buti za kupandia milima ni bora, lakini raba zenye soli yenye meno zinatosha wakati wa kiangazi. Soli iliyolika haifai: mawe ya korongoni yana utelezi kama sabuni.

Koti la mvua linalozuia maji kweli, na suruali ya mvua. Koti la kuzuia manyunyu halitoshi. Lijaribu nyumbani kwa kulimwagia kikombe cha maji na kusubiri dakika tano.

Nguo zisizo za pamba. Pamba ikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Vaa fulana ya michezo ya nailoni au sufu nyembamba, juu yake sweta la manyoya ya plastiki, kisha koti. Kofia na glavu weka begini hata mwezi wa saba.

Ramani ya karatasi. Nunua ile ya Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, ya kipimo cha 1:25,000, ambayo sentimita 4 ni kilomita moja. Eneo hili liko karibu na mpaka wa karatasi mbili, basi kabla ya kulipa hakikisha uliyoshika inaonyesha Grindleford na Higger Tor pamoja. Vistari vya kijani vilivyokatikakatika ni njia ambazo umma una haki ya kupita. Ardhi iliyopakwa rangi ya manjano hafifu ni ile ambayo sheria ya mwaka 2000 inakuruhusu kutembea hata nje ya njia.

Dira, filimbi na tochi. Tochi ya simu isihesabiwe, kwa sababu simu unaihitaji kwa mambo mengine.

Chakula na chai ya moto. Chapati zilizokunjwa na yai, njugu, tende, na chupa ya chai ya tangawizi. Maji beba lita moja na nusu. Usinywe ya kijito hata kama yanang'aa, maana kondoo wanajisaidia na wengine wanafia humo.

Soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, na kanga moja. Wenzangu hunicheka kwa hiyo kanga, hadi siku wanapolowa. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kitambaa cha kufungia mkono ulioteguka, na haina uzito.

## Hatua ya 1: Panga usiku uliotangulia

Anza na treni ya kurudi. Grindleford iko kwenye reli ya Hope Valley kati ya Sheffield na Manchester, na treni nyingi za haraka hupita bila kusimama. Andika kwenye karatasi saa ya treni unayoitaka na ile inayoifuata.

Halafu kuna hili la saa zetu. Mwaka jana niliwaambia watu kumi tukutane kituoni saa tatu. Sita walifika 09:00, wanne wakaja 15:00 wakiwa wachangamfu kabisa, wakiuliza mbona sijawasubiri. Tangu siku hiyo katika ujumbe naandika saa za ratiba tu: 09:00.

Piga hesabu ya muda. Wapanda milima wa hapa hutumia kanuni ya Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari yetu inakuja karibu saa mbili na dakika 45 za kutembea mfululizo. Hakuna anayetembea mfululizo. Weka saa tano, pamoja na chai, picha na kubishana juu ya ramani.

Sasa angalia jua linazama saa ngapi. Mwishoni mwa Desemba huku jua huzama kabla ya 16:00. Mwezi Juni giza huja baada ya 21:30. Ukianza 12:00 majira ya baridi, utashuka korongo gizani, na korongo hilo gizani sikushauri.

Mwisho, soma utabiri wa milimani wa idara ya hali ya hewa, Met Office, uache ule wa mji wa Sheffield. Tazama upepo kwanza, mvua baadaye. Upepo ukifikia maili 40 kwa saa, ahirisha. Kulowa utakauka, lakini upepo unaosukuma juu ya ukingo wa mwamba huwezi kubishana nao.

*Umefaulu ikiwa:* mtu aliyebaki nyumbani ana ujumbe wako unaosema unapita wapi na ukichelewa kurudi hadi saa ngapi aanze kuuliza.

## Hatua ya 2: Kituoni Grindleford

Ukitokea Sheffield, treni inapita handaki la Totley, refu karibu kilomita 6, na ukitoka tu gizani umeshafika. Mtandao wa simu hukatika humo na bondeni hauaminiki, kwa hiyo ramani ya simu ipakuliwe kabla ya kupanda treni.

Kituoni vaa kabisa: kaza kamba za viatu, ingiza suruali ndani ya soksi (sababu utaiona mwishoni), koti liwe juu ya begi. Kisha vuka reli kwa daraja lililo karibu na mdomo wa handaki, uvuke na kijito. Mbele kidogo, karibu na jengo la kinu cha zamani cha Padley, kuna geti upande wa kulia na njia inayopanda msituni. Hiyo ndiyo yako.

Kila geti unalolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Lililoachwa wazi liache wazi. Kondoo wa watu wamo humu.

*Umefaulu ikiwa:* unapanda, na unasikia maji mkono wa kulia.

## Hatua ya 3: Korongo la Padley

Msitu huu wa mialoni na miti ya birch ni mzuri kupita kiasi, na ndipo watu wengi huumia. Wanatazama juu, mguu unateleza chini. Mizizi iliyolowa ni hatari kuliko mawe, kwani unyayo hauna pa kushika. Kanyaga katikati ya mizizi, kamwe usikanyage juu yake. Pale penye mawe makubwa tumia mikono bila aibu.

Kuna vijia vingi vinavyoshuka hadi kwenye maporomoko madogo. Ukitaka picha shuka, lakini rudi kwa kijia kilekile. Anayejaribu kupanda ukingoni kwa njia ya mkato ndiye huishia kuning'inia kwenye tawi huku wenzake wakimpiga video.

Maji utayaona ya kahawia, kama chai ya rangi, yenye povu hapa na pale. Si uchafu wa kiwanda. Ni rangi ya mboji: mimea iliyokufa ambayo haikuoza vizuri kwa sababu imezama majini maelfu ya miaka, na maji yakipita humo hunyonya rangi. Kumbuka rangi hiyo, maana huko juu utakanyaga chanzo chake.

Njiani kuna magogo yaliyopigiliwa sarafu mamia kwa mamia. Watu hufanya hivyo kwa bahati njema. Mimi nabaki na sarafu zangu.

Mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku kucha, kijito hiki hujaa haraka na kunguruma. Usivuke kwa kurukaruka mawe. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na haya ya kahawia hayakuonyeshi hata sentimita 20 chini. Vuka madarajani tu. Yapo ya kutosha.

*Umefaulu ikiwa:* baada ya dakika 40 hivi miti inapungua, unavuka daraja la mbao, na maji sasa yako mkono wa kushoto.

## Hatua ya 4: Uwanda wa Longshaw

Hapa kijito kinatulia, nyasi zinatandaa, na siku za joto watoto wanaoga. Familia zenye watoto wadogo zinaweza kuishia hapa na kurudi zilikotoka. Ni siku kamili tayari. Kuna mkahawa na vyoo kwenye nyumba ya Longshaw inayosimamiwa na shirika la hifadhi la National Trust, juu upande wa kulia. Baada ya hapo hakuna choo tena.

Tazama unapokaa. Vile vilima vya majani makavu msituni, vingine vinafika kiunoni, ni viota vya sisimizi wakubwa. Mbwa afungwe kamba: kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai sheria inataka kamba isiyozidi mita 2 kwenye ardhi hii ya wazi, kwa kuwa ndege wanatagia chini. Na usiwashe moto wa aina yoyote, hata jiko dogo la kuchomea nyama. Mboji iliyokauka huungua chini kwa chini kama mkaa. Nyika ya Saddleworth, si mbali na hapa, iliteketea Juni 2018 na askari wa jeshi wakaitwa kusaidia kuzima.

Endelea kupanda na kijito hadi barabara ya A6187. Ina kona na magari hayapunguzi mwendo. Vuka mahali unapoona pande zote mbili, kisha tafuta geti la njia pana inayoingia bondeni upande wa pili.

## Hatua ya 5: Bonde la Burbage

Sasa uko nyikani. Njia ni pana na ngumu, inapanda polepole, ukingo wa mawe uko kulia kwako na kijito kiko chini kushoto. Huwezi kupotea hapa hata ukijitahidi. Mwezi Agosti bonde zima huwa la zambarau kwa maua ya hedha. Februari ni la kahawia, na upepo unakata masikio.

Vaa koti kabla hujasikia baridi. Wengi husubiri mpaka watetemeke, halafu vidole vinashindwa kufunga zipu. Kunywa chai, kula kidogo, tembea.

Ukiwa na muda chunguza mawe makubwa karibu na njia. Baadhi yana vishimo vidogo: ni alama za risasi, kwa sababu askari walifanyia mazoezi bonde hili wakati wa Vita Kuu ya Pili.

*Umefaulu ikiwa:* unafika barabara ndogo yenye madaraja mawili ya mawe yaliyokaribiana na maegesho ya magari. Hapo ni Upper Burbage Bridge.

## Hatua ya 6: Simama uamue

Hatua hii watu huiruka, na picha ninazotumiwa zinatokana na hapo. Simama darajani dakika tano, tazama kusini magharibi. Je, unaiona Higger Tor, kilima chenye kichwa bapa na mawe kuzunguka?

Kama huioni kwa ukungu, au umetumia zaidi ya saa tatu kufika hapa, au mtu mmoja katika kundi amenyamaza ghafla na kuacha kula, rudi kwa njia uliyojia. Maji yatakuwa kulia kwako, njia ni ileile pana.

Tuna msemo kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sebuleni ni msemo mzuri. Nyikani usiufuate, vaa nguo zako urudi.

## Hatua ya 7: Higger Tor, Carl Wark na tope

Kama hali ni nzuri, vuka madaraja na ushike kijia kinachoelekea kusini, kwa juu ya bonde. Kijito kiko mbali chini kushoto. Baada ya kilomita moja na kidogo unapanda mawe machache na kufika juu. Kaa mbali na ukingo kwa kiasi cha urefu wako, hasa penye upepo. Kula chakula upande usio na upepo, nyuma ya jiwe.

Chini kusini mashariki utaona kilima kingine kidogo chenye ukuta wa mawe ya kupangwa: Carl Wark, ngome ya kale. Shuka kuelekea huko. Kati ya vilima hivi na baada ya Carl Wark ndiko kuliko na tope, kwa hiyo jifunze kusoma ardhi:

- Vichaka vya hedha, vigumu, vya kahawia au zambarau: chini pana ukavu kiasi. Kanyaga karibu navyo.
- Nyasi ndefu nyembamba zilizosimama kama sindano, kijani iliyokolea: ardhi imelowa. Kanyaga kwenye mashina yake, usikanyage katikati.
- Vishungi vyeupe kama pamba vinavyocheza na upepo mwezi Juni: kinamasi. Zunguka.
- Zulia la kijani kibichi linalong'aa, laini, bila hata kijiti: hilo ni maji yaliyovaa nguo. Usiguse.

Fimbo inasaidia: choma mbele kabla ya kukanyaga. Ukizama hadi gotini, usivute mguu kwa nguvu. Utaacha kiatu humo. Kaa chini au jilaze nyuma ili uzito usambae, tikisa mguu taratibu mpaka maji yaingie pembeni mwa kiatu, kisha utoe pole pole, kisigino kwanza. Inafedhehesha, ila inafanya kazi.

Ukungu ukikushukia hapa, usizunguke kutafuta njia. Weka dira, elekea mashariki kwa kuteremka polepole, nawe utakutana ama na kijito ama na ile njia pana ya Hatua ya 5 ng'ambo yake. Hakikisha tu unashuka mteremko wa nyasi. Ukiona mbele ukingo wa mwamba, rudi nyuma na uuzunguke.

*Umefaulu ikiwa:* kutoka Carl Wark unashuka kusini na kuiona tena barabara ya A6187.

## Hatua ya 8: Kurudi kituoni

Vuka barabara, fuata kijito kinavyotiririka. Ukiwa ukingo wa mashariki, maji yako kulia. Ukivuka lile daraja la mbao na kuingia korongoni yatakuwa kushoto hadi chini.

Miguu imechoka na kushuka huumiza magoti kuliko kupanda. Fupisha hatua, shuka kwa upande penye mwinuko mkali. Usikimbilie treni. Ndiyo maana uliandika saa ya ile ya pili.

## Jambo likiharibika

Piga 999 au 112, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea na hawatozi chochote, kwa hiyo usiogope gharama. Wape namba ya gridi (herufi na tarakimu zinazoonyesha mahali ulipo) kutoka kwenye ramani au programu ya simu. GPS hufanya kazi hata bila mtandao. Sauti ikishindwa kupita, ujumbe mfupi unaweza kupita, lakini lazima uwe umesajili simu yako mapema kwa kutuma neno register kwenda 999. Fanya hivyo leo ukiwa nyumbani.

Bila simu: puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku tumia tochi vivyo hivyo.

Mtu anayetetemeka, anayejikwaa na kuongea kwa kukokota maneno ameingiwa na baridi mwilini. Mtoe kwenye upepo, mbadilishie nguo zilizolowa, mfunike kichwa, mpe chai tamu ikiwa anameza vizuri. Pombe asipewe. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, hali imezidi kuwa mbaya.

## Ukifika nyumbani

Kabla ya kuoga, jikague kupe: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, na kwa watoto nyuma ya masikio na kwenye nywele. Wanakaa kwenye ferni na nyasi ndefu, ndiyo sababu suruali iliingia soksini. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute juu moja kwa moja bila kumzungusha wala kumpaka mafuta. Andika tarehe. Ukiona wekundu unaotanuka katika wiki zinazofuata, hata usipowasha, nenda kwa daktari umwambie uliumwa na kupe: inaweza kuwa ugonjwa wa Lyme, nao unatibika kwa dawa.

Buti zioshe tope zikiwa bado mbichi, zijaze magazeti, uyabadilishe asubuhi. Usiziegemeze kwenye hita. Gundi huachia, na wiki ijayo soli itabaki Carl Wark.